Kaunti ya Lowndes, Alabama: Udongo, Watu na Kura

Mwaka 1965 ulipoanza, Wamarekani weusi walikuwa wanne katika kila wakazi watano wa kaunti ya Lowndes, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Hata mmoja wao hakuwa amesajiliwa kupiga kura. Kabla ya miaka sita kutimia, walimchagua mwenzao kuwa sherifu, mkuu wa usalama wa kaunti. Makala haya yanaangazia jinsi haki hiyo ilivyopatikana, na yale ambayo kura peke yake haikuweza kuyabadilisha.

Msikilizaji, kaunti ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo. Haina sauti katika masuala ya vita wala mambo ya nje, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya mwananchi. Kule Alabama, katika kaunti ndiko mtu anakojiandikisha kupiga kura, ndiko anakochaguliwa sherifu, mkadiriaji wa kodi na wajumbe wa bodi ya shule. Anayezishika ofisi hizo ameshika mengi.

Ardhi na watu

Lowndes iko baina ya mji wa Selma, upande wa magharibi, na Montgomery, makao makuu ya jimbo, upande wa mashariki. Kaskazini imepakana na Mto Alabama. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,880, na makao yake makuu ni mji mdogo wa Hayneville. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 10,311 tu, ilhali mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 35,000. Katika karne ya ishirini, maelfu walihamia Birmingham, Detroit na miji mingine ya viwanda kutafuta kazi na usalama.

Kaunti hiyo imo katika eneo liitwalo Ukanda Mweusi. Jina hilo lilitokana kwanza na udongo. Mamilioni ya miaka iliyopita, sehemu hiyo ilifunikwa na bahari ya kina kifupi. Masalia ya viumbe wa baharini yaligeuka kuwa mwamba wa chokaa, na juu yake ukatanda udongo mweusi wenye rutuba. Pamba ilistawi humo, na wenye mashamba wakaleta watumwa kuilima. Kaunti iliundwa mwaka 1830. Ilipofika sensa ya mwaka 1860, kati ya wakazi 27,716, zaidi ya 19,000 walikuwa watumwa. Jina la Ukanda Mweusi likawa na maana mbili: rangi ya ardhi, na rangi ya watu walioilima.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini ardhi ilibaki kwa mabwana wale wale. Waliokuwa watumwa wakawa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, wengi wao wakiishi katika madeni. Wanaume weusi walipiga kura kwa kipindi baada ya vita, kisha katiba ya Alabama ya mwaka 1901 ikawafungia mlango kwa kodi ya kura, mtihani wa kusoma na masharti ya mali. Katika Lowndes, hofu ilikamilisha kazi hiyo, na kaunti ikapewa jina la Lowndes ya Damu.

Hesabu za mwanzo wa mwaka 1965 zinajieleza zenyewe. Watu weusi wapatao 5,000 walikuwa na umri wa kupiga kura, na aliyesajiliwa hakuwepo. Kwa upande wa Wazungu, majina yaliyokuwa daftarini yalizidi idadi ya watu wazima walioishi hapo, kwa kuwa waliokufa na waliohama hawakufutwa. Familia 86 za Wazungu zilimiliki asilimia 90 ya ardhi.

Mwaka wa damu

Mwezi Machi mwaka 1965, mwenyeji wa Lowndes aitwaye John Hulett, ambaye aliwahi kufanya kazi Birmingham na kushiriki harakati za huko, alifaulu pamoja na mwenzake mmoja kuandikishwa. Walikuwa watu weusi wa kwanza kuandikishwa katika kaunti hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Mwezi huo huo maandamano ya Mchungaji Martin Luther King kutoka Selma hadi Montgomery, mwendo wa kilomita 87, yalipita katikati ya Lowndes. Usiku wa tarehe 25 Machi, maandamano yalipokwisha, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit aliyekuwa akiwasafirisha waandamanaji kwa gari lake, alipigwa risasi na wanachama wa kundi la Ku Klux Klan katika barabara kuu namba 80, ndani ya kaunti hiyo.

Tarehe 6 Agosti, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura, na maofisa wa serikali ya shirikisho wakatumwa Lowndes kuandikisha watu. Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Agosti, Jonathan Daniels, mwanafunzi wa uchungaji, aliuawa kwa bunduki mbele ya duka mjini Hayneville. Alikuwa ametoka jela muda mfupi kabla, na alikufa akimkinga msichana mweusi, Ruby Sales. Aliyempiga risasi, Tom Coleman, alikiri kufyatua bunduki lakini akadai kuwa alijitetea. Jopo la mahakama, lote la wanaume Wazungu, lilimwachia huru.

Wakulima waliothubutu kujiandikisha walifukuzwa mashambani. Mwezi Desemba mwaka 1965, familia kadhaa zilihamia katika mahema kando ya barabara namba 80. Usiku zilifyatuliwa risasi kutoka kwenye magari yaliyopita. Baadhi ziliishi humo kwa zaidi ya miaka miwili.

Jogoo na chui

Kundi la vijana wa SNCC, akiwemo Stokely Carmichael, lilikuwa limeingia Lowndes kuwasaidia wenyeji. Swali lao lilikuwa hili: watu hawa wakishapata kura, wampigie nani? Chama cha Democratic cha Alabama kilitumia alama ya jogoo, na hadi mapema mwaka 1966 maandishi yaliyoandamana na jogoo huyo yalitangaza ukuu wa Wazungu. Wenyeji wakaamua kuanzisha chama chao.

Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, sheria ya Alabama ilitaka kila chama kiwe na alama. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hatashangaa: mwaka huo huo wa 1965, Watanzania waliwachagua wabunge wao kwa alama za jembe na nyumba, na nchini Kenya jogoo alikuwa alama ya KANU. Watu wa Lowndes walimchagua chui mweusi. Hulett, aliyekuwa kiongozi wao, alieleza kuwa chui haanzi ugomvi, lakini akibanwa kwenye kona, hutoka akipigana.

Tarehe 3 Mei mwaka 1966, mamia ya watu walikutana kanisani karibu na mahakama ya Hayneville wakateua wagombea saba: wa usherifu, ukadiriaji wa kodi, ukusanyaji wa kodi, uchunguzi wa vifo, na watatu wa bodi ya shule. Mwezi Novemba wote saba walishindwa. Wenye mashamba walikuwa wamewasafirisha vibarua wao hadi vituoni kuwapigia kura wagombea Wazungu. Hata hivyo, kura zilitosha kukifanya chama hicho kitambuliwe kisheria.

Chui naye alikwenda mbali. Mwezi Oktoba mwaka 1966, huko Oakland, California, Huey Newton na Bobby Seale waliichukua alama hiyo kwa chama chao, na ulimwengu ukamfahamu chui huyo kupitia wao. Carmichael baadaye alihamia Guinea, akajiita Kwame Ture, na kufariki huko mwaka 1998. Hulett alibaki nyumbani. Mwaka 1970 alichaguliwa kuwa sherifu, akashika kazi hiyo kwa miaka 22, kisha akawa hakimu wa mirathi wa kaunti. Alifariki mwaka 2006.

Baada ya kura

Leo ofisi nyingi za Lowndes ziko mikononi mwa watu weusi, na katika uchaguzi wa rais kaunti huwapa wagombea wa Democratic kura nyingi. Lakini Alabama kama jimbo imewachagua Republican katika kila uchaguzi wa rais tangu mwaka 1980. Aidha, kaunti inategemea kodi ya ardhi, na kodi hiyo katika Alabama ni miongoni mwa zilizo ndogo kabisa Marekani. Aliyeshinda ofisi alikuta kasha likiwa karibu tupu.

Udongo nao umerudi kudai neno lake. Ule mfinyanzi mweusi haupitishi maji kwa urahisi, kwa hiyo mashimo ya kawaida ya maji taka hufurika, na mtambo unaofaa waweza kugharimu zaidi ya dola 15,000. Nyumba nyingi humwaga maji machafu uani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kati ya watu 55 waliopimwa, 19 walionyesha dalili za minyoo ya safura, ugonjwa unaofahamika vyema katika pwani ya Afrika Mashariki. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes, ndiye aliyelipigia kelele tatizo hilo zaidi ya wengine. Mwaka 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama ili kulishughulikia. Mwezi Aprili mwaka 2025, serikali ya Rais Donald Trump iliyavunja.

Mahali palipokuwa na mahema, leo pana kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2006. Mgeni husimuliwa humo habari za watu waliopoteza nyumba kwa ajili ya kura. Si mbali na hapo, wako wajukuu wa watu hao walio na kura tayari, nao bado wanasubiri bomba la maji taka.