Waziri Huwajibika kwa Nani? Chimbuko la Uwaziri nchini Uganda, 1900–1966

Katika eneo la Ntinda, jijini Kampala, upo mtaa ujulikanao kwa jina la Ministers' Village, yaani Kijiji cha Mawaziri. Jina hilo laweza kumfanya mtu adhani kwamba uwaziri nchini Uganda ulizaliwa pamoja na uhuru wa mwaka 1962. Historia yaonyesha vingine: mizizi yake imo katika Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900.

Mkataba huo ulitambua mawaziri watatu: Katikiro, yaani waziri mkuu, Omulamuzi, jaji mkuu, na Omuwanika, mweka hazina. Cheo cha Katikiro kilikuwapo kabla ya Waingereza. Jipya lilikuwa masharti yake. Uteuzi wa Kabaka haukutimia bila idhini ya mwakilishi wa Uingereza, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyolipa mshahara. Kwa kuwa Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri walitawala kwa niaba yake hadi mwaka 1914. Hivyo waziri alikuwa na mabwana wawili, na Lukiiko, baraza la wajumbe 89, halikuwa mmojawapo.

Athari hazikukawia. Mwaka 1926 Kagwa, Katikiro tangu 1889, alijiuzulu baada ya mzozo na afisa wa Kiingereza. Martin Luther Nsibirwa, aliyerejeshwa katika ukatikiro mwaka 1945, aliuawa kwa risasi huko Namirembe tarehe 5 Septemba, siku moja baada ya Lukiiko kupitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Pasipo njia ya kikatiba ya kumwondoa waziri, hasira ilitafuta njia nyingine.

Mkataba wa 1955 ulijaribu kuziba pengo hilo: mawaziri wakawa sita, na Katikiro akachaguliwa na Lukiiko. Hata hivyo, funzo hilo halikudumu katika Uganda huru. Tarehe 22 Februari 1966, Waziri Mkuu Milton Obote aliwakamata mawaziri watano wakiwa kikaoni Entebbe, bila kura yoyote ya bunge.

Katiba ya 1995 inalipa bunge uwezo wa kuidhinisha mawaziri na kupiga kura ya kutokuwa na imani nao. Lakini waziri asipojiuzulu, hatua ya kuchukua huachiwa Rais. Kwa washauri wa sera, basi, hoja kuu si idadi ya mawaziri bali ni mkono unaowaondoa.