Gari la Sura ya Ajabu: Nani Anacheka, Nani Anabeba Mzigo

Wiki hizi kwenye simu zetu imezunguka sana picha ya lile pikapu la umeme la Tesla, lile wanaloliita Cybertruck. Mmoja kwenye kikundi akaandika linafanana na frijo iliyolazwa. Mwingine akasema ni bati la nyumba ambalo upepo umekunja. Mabishano yakawa marefu mpaka usiku, wengine wanacheka, wengine wanatetea. Sisi tunaojitolea hapa tukaona tuandike kidogo historia, juu kucheka gari lenye sura ya ajabu hakukuanza na muzungu wa Marekani. Upande huu wa Rwenzori, na kule ng'ambo ya Kasindi, mambo hayo tunayajua zamani.

Hilo la Tesla tulimalize haraka. Lilionyeshwa Los Angeles Novemba 2019. Mwili wake ni chuma cha pua kisichopakwa rangi, pembe pembe tu, hakuna mviringo. Siku ile walitaka kuonyesha kwamba kioo hakivunjiki, wakarusha mpira wa chuma, kioo kikapasuka mbele ya watu wote. Dunia nzima ikacheka. Lakini wakati huo huo watu maelfu kwa maelfu wakatoa pesa ya kushika nafasi ya kulinunua! Gari lenyewe lilianza kukabidhiwa wanunuzi Novemba 2023, na bei ilikuwa imepanda: walitangaza dola 39,900 mwanzoni, baadaye la bei ya chini likawa karibu dola 61,000. Mwaka 2024 kampuni ikayaita magari yote yarudi kurekebishwa, juu kifuniko cha pedeli ya mafuta (bado tunaiita ya mafuta, hata kama mafuta hakuna) kilikuwa kinaweza kuteleza na kuikwamisha ikiwa imekanyagwa. Kwa hiyo si kila aliyecheka alikuwa mjinga. Lakini wengi walicheka sura peke yake, na sura haikuwa ndiyo shida.

Sasa tuje kwetu.

Wale wa Kivu Kaskazini hawahitaji kuelezwa chukudu ni nini, ila ndugu zetu wa mashirika wengine wanaona picha tu. Ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti. Usukani ni mti wa kukatisha, magurudumu mawili ni mbao iliyozungushiwa mpira wa tairi kuukuu, na urefu unaweza kufika mita mbili au kupita. Mara nyingi mbao ni mikaratusi. Mwenye nayo anapiga goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Kwenye mteremko anaruka juu na kushuka na kilo mia kadhaa za makala, viazi, kabichi au mbao. Ilienea miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, uchumi ulipoanza kuanguka na magari na vipuri vikawa vya watu wachache.

Fikiria mgeni anayeiona mara ya kwanza. Anacheka, anatoa simu, anapiga picha. Wageni wameandika mengi juu ya chukudu, na mara nyingi unasikia sauti ile ile: ona Afrika, bado wanatumia mbao. Lakini mwenye chukudu anaijua hesabu yake. Kijana anainunua, kwa miezi michache inarudisha franga zake, kisha inalisha nyumba. Ikivunjika, fundi yuko kwenye kona na vipuri viko msituni. Mwaka 2009 kule Goma ikasimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu yenye mzigo, na Rais Kabila mwenyewe akaja kuizindua. Mpaka leo hapo panaitwa Rond-point Tchukudu. Hatujui mji mwingine ambao umepandisha mbeba mizigo juu ya jiwe namna hiyo. Kawaida juu ya jiwe wanapanda majenerali.

Turudi Uganda. Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa barabarani gari dogo la kijani la watu wawili, Kiira EV. Jina Kiira ndilo la mto Nile kwa Kiganda na Kisoga, kule Jinja. Mwanzo wake ni kwamba wanafunzi na walimu wa Makerere walikuwa wameshiriki pamoja na vyuo vingine vingi vya dunia kutengeneza gari linaloitwa Vision 200, lililoonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Wakarudi nyumbani wakasema: na sisi tujaribu letu. Serikali ikatoa pesa. Profesa Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi ndio walioongoza kazi. Gari lilikuwa na uwezo wa kwenda kama kilomita 80 kabla ya kuchajiwa tena, na Rais Museveni akalizindua mwezi ule ule.

Watu walipokeaje? Hapo ndipo historia inakuwa tamu. Kulikuwa na majivuno makubwa, watu wakijipanga kupiga nalo picha. Na kulikuwa na kicheko, kikubwa pia. Kumbuka mwaka ule ulikuwa wa namna gani. Aprili 2011 bei ya mafuta na chakula ilikuwa imepanda mpaka watu wakaandamana kwa kutembea kwa miguu kwenda kazini, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi. Umeme ulikuwa wa mgao mkali, bwawa la Bujagali lilikuwa bado halijaanza kutoa umeme, mpaka 2012. Sasa katika nchi ambapo pasi ya nguo inasubiri umeme siku mbili, mtu anakuletea gari la kuchomeka ukutani! Kicheko kile kilikuwa na haki yake. Kilikuwa swali kwa serikali kupitia mgongo wa gari.

Kicheko cha pili ndicho kinachotuuma. Kilisema hivi: hawa wamenunua mota na betri ng'ambo, wameunganisha tu, si gari la Uganda. Ni kweli, mota na betri vilitoka nje, ila mwili na fremu vilifanyika hapa. Lakini jiulize, kampuni gani ya magari inatengeneza kila kitu chake? Hata hao wakubwa wa Ulaya wananunua betri Asia. Kwao inaitwa biashara, kwetu inaitwa kudanganya.

Baada ya hapo likaja gari la pili mwaka 2014, Kiira SMACK, linalochanganya petroli na umeme, halafu Februari 2016 basi la Kayoola la watu 35, lenye paneli za sola juu ya paa. Basi hilo lilizunguka dunia nzima kwenye habari. Na tena maneno: mvua ikinyesha? usiku je? Jibu lilikuwepo kwa aliyetaka kusikia. Basi lilikuwa na betri za namna mbili, moja ikisaidiwa na jua, nyingine ikichajiwa kwa umeme wa kawaida. Paa la basi ni dogo kwa kazi hiyo. Saa nzima ya jua kali inakupa kilomita chache tu, haiwezi kuliendesha siku nzima. Hapo wenye kuuliza walikuwa sahihi kuliko wenye kushangilia. Pia walikuwa sahihi waliosema kwamba gari la maonyesho ni rahisi, kiwanda ndicho kigumu. Miaka ilipita watu wakisubiri kiwanda cha Kiira Motors pale Jinja, na kusubiri huko ndiko kulilea dharau zaidi kuliko sura yoyote.

Tuchukue ile namba 80 tuilete kwetu. Kutoka mpaka wa Mpondwe hadi Kasese mjini ni kama kilomita 60. Unafika. Kurudi hufiki, isipokuwa upate mahali pa kuchaji Kasese. Kutoka Kasindi hadi Beni ni karibu 80, na hiyo ndiyo barabara ambayo Museveni na Tshisekedi waliizindua hapa Mpondwe Juni 2021 ili iwekwe lami. Tunaoijua ile njia wakati wa matope tunajua kwamba kilomita 80 za karatasi si kilomita 80 za Kasindi.

Gari ambalo sisi tunaona linafaa kubishaniwa kuliko la Tesla linaitwa OX, na wengi hawajalisikia. Lilionyeshwa London mwaka 2016. Aliyelichora ni Gordon Murray, yule yule aliyechora magari ya mbio za Formula 1, na mwenye wazo ni tajiri Mwingereza, Torquil Norman, aliyetaka lori la watu wa vijijini Afrika. Sura yake? Kama kreti la soda lenye magurudumu. Dereva anakaa katikati, abiria mmoja kila upande, ili gari moja lifae nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Sisi tunaovuka kutoka Kasindi kuja Bwera tunaelewa jambo hilo mara moja, juu ukivuka daraja unabadilisha upande wa njia. Linasafirishwa vipande vipande, sita ndani ya kontena moja, halafu mafundi wanaliunga. Fremu ya benchi la nyuma inaweza kutolewa na kulazwa chini ya magurudumu gari likizama kwenye matope. Linabeba kilo 1,900. Lile la Tesla linabeba kama 1,100.

Baadaye kampuni ya OX Delivers ikalifanya la umeme na kulipeleka Rwanda, kwenye milima ya vijijini. Hapo walibadilisha kitu kikubwa kuliko mota: hawakumuuzia mkulima lori. Mkulima au mama wa soko alilipia nafasi ya magunia yake tu, kama tunavyolipia kiti cha taxi. Hakuna aliyemwambia atafute mkopo.

Tunakaa sana hapa juu jambo hili linatugusa sisi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Ruhusa tunayo. Pikapu hatuna. Benki haitamkopesha kijana ambaye dhamana yake ni kadi ya mgao wa chakula. Kwa hiyo dada anayenunua maharagi Mpondwe ili auze kambini anapanga bei na mwenye Fuso, na mwenye Fuso ndiye anayeamua faida yake. Kwake yeye, gari liwe na pembe kama frijo au liwe la mviringo kama yai, swali ni gunia moja shilingi ngapi.

Na kuna jambo ambalo wanaocheka na wanaoshangilia wote wanalipita. Betri nyingi za magari haya zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu, kule Kolwezi na Lualaba. Lakini hata Kasese imo. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, reli ikafika Kasese mwaka ule ule, na shaba ikapanda treni mpaka Jinja kuyeyushwa. Ndiyo, Jinja ile ile ya kiwanda cha Kiira. Mabaki ya mawe yaliyobaki Kasese yalikuwa na kobalti. Yalilala kwa miaka, mvua ikiyaosha, asidi ikiua majani mpaka ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ikaanza kuyafanyia kazi, na namna yake ilikuwa ya ajabu kuliko gari lolote: walitumia bakteria wanaokula mawe ili kobalti iachie. Kazi ile ilidumu zaidi kidogo ya miaka 10, rundo likaisha. Reli nayo treni ziliacha kuja miaka ya 1990.

Umeme je? Mito ya Rwenzori inautoa. Pale Bugoye kuna mtambo wa megawati 13 tangu 2009, na kwenye mto ule ule wa Mubuku kuna mingine ya wenye migodi. Kwa hiyo tuko kwenye wilaya ambayo ina maji ya kutoa umeme, imewahi kuwa na shaba ya waya na kobalti ya betri, na gari la umeme bado tunaliona kwenye simu.

Kwenye kikundi bado hatujakubaliana. Wale wanaojifunza ufundi wanasema gari la umeme litawanyima kazi, juu halina oili ya kubadilisha wala plagi, na likifa linataka kompyuta ya mwenye kampuni. Wenye kutengeneza simu na sola wanajibu kwamba kazi itahamia kwao, maana tayari wanafungua betri, wanapima seli moja moja na kutupa iliyokufa. Mmoja wao anataka kufunga mota ya baiskeli na betri kuukuu kwenye chukudu, isaidie kwenye mpando tu, na mteremko ujitegemee. Amechora kwenye daftari. Kwa kweli mchoro ni mbaya, unafanana na mbuzi aliyebeba sanduku. Anatafuta mota, mwenye nayo Kasese au Bwera amwambie bei.