Somo la Kongwa: Moshi wa Dizeli

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga huko Kongwa kwa matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, masalio ya vita. Karakana na vipuri havikutosha. Kabla ya mwaka kwisha mengi yalikuwa mabovu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa.

Katika kazi yangu ya ufundi Serikalini hapa Dodoma nimejifunza kuwa injini ya dizeli husema kwa moshi. Mweusi: mafuta yamezidi hewa, mara nyingi vumbi limeziba kichujio. Wa buluu: oili inaungua, pengine ringi zimelika. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto: mafuta hayaungui sawasawa, au maji yanaingia kwenye silinda.

Wanafunzi, vumbi la Ugogo ni lile lile. Tazameni kichujio kabla ya kulaumu pampu.