Waungwana na Mahuru: Utumishi wa Kikosi cha Kwanza cha Kujitolea cha South Carolina, 1862–1866

Katika historia ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), kikosi cha askari weusi kitajwacho zaidi ni kile cha 54 cha Massachusetts, kilichoishambulia Ngome ya Wagner tarehe 18 Julai 1863. Wengi wa askari wake walikuwa watu huru kabla ya vita kuanza. Kikosi cha Kwanza cha Askari wa Miguu wa Kujitolea cha South Carolina hakikupata umashuhuri huo, ingawa kilitangulia kuundwa; na askari wake, takriban wote, walitoka utumwani moja kwa moja. Kiswahili cha pwani kilitenga hali hizo mbili: mwungwana ni yule ambaye hakuzaliwa mtumwa, na mahuru ni watumwa walioachwa. Utengano kama huo ndio uliokuja kuwa kiini cha mgogoro mkubwa wa kikosi hiki.

Mnamo Novemba 1861, manowari za Serikali ya Muungano ziliteka visiwa vya Port Royal. Mabwana wakakimbia, na watumwa wapatao 10,000 wakabaki. Mwezi wa Mei 1862, Jenerali David Hunter alianza kuandikisha askari miongoni mwao bila idhini ya Washington. Neno "kujitolea" halikustahili wakati huo, kwani wengi walichukuliwa mashambani kwa nguvu, nao hawakulipwa. Mwezi wa Agosti kikosi kilivunjwa, ikasalia kombania moja tu. Tarehe 25 Agosti 1862, Wizara ya Vita ilimpa Jenerali Rufus Saxton idhini ya kuandikisha watu weusi hadi 5,000, kwa ahadi ya maandishi kwamba watapewa mshahara na posho sawa na askari wengine wa kujitolea. Thomas Wentworth Higginson, mwandishi na mpinzani wa utumwa kutoka Massachusetts, alikabidhiwa ukanali mwezi wa Novemba. Tarehe 1 Januari 1863, Tangazo la Ukombozi lilisomwa kambini kwao, na bendera zikakabidhiwa Sajini Prince Rivers na Koplo Robert Sutton.

Vita vya kikosi hiki vilikuwa vya mitoni na vinamasini zaidi kuliko vya uwanjani. Mwishoni mwa Januari 1863, askari wake walisafiri kwa meli tatu hadi Mto St. Marys, mpakani mwa Georgia na Florida. Usiku, katikati ya msitu wa misonobari, walipambana na wapanda farasi wa adui na kuwarudisha nyuma. Aliyewaongoza ni Sutton, ambaye aliwahi kuwa mtumwa kandokando ya mto huo. Walirejea na mbao, matofali na vyuma vya reli. Mwezi wa Machi waliuteka mji wa Jacksonville pamoja na Kikosi cha Pili cha South Carolina, kisha wakaamriwa kuuacha. Higginson alikiri katika taarifa zake kwamba ujuzi wa askari hao juu ya nchi ile ulikuwa silaha ambayo askari weupe hawakuwa nayo.

Pamoja na hayo, ahadi ya mshahara ilivunjwa. Baada ya miezi michache ya malipo kamili, askari walishushwa kutoka dola 13 kwa mwezi hadi dola 10, nazo zikakatwa dola 3 za mavazi. Kwa ushahidi wa Higginson, thuluthi ya kikosi ilikataa kupokea malipo hayo pungufu. Katika Kikosi cha Tatu cha South Carolina, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mwezi wa Novemba 1863. Alihukumiwa kwa uasi, akapigwa risasi mwishoni mwa Februari 1864.

Sheria ya Juni 1864 ilisawazisha mishahara kuanzia Januari mwaka huo. Malipo ya nyuma zaidi yaliwekewa sharti: askari awe alikuwa mtu huru tarehe 19 Aprili 1861. Kwa sharti hilo, waungwana wa Kaskazini walilipwa, na mahuru wa South Carolina wakaachwa, hata kama walikuwa wametangulia kushika bunduki. Ilipasa kungoja hadi Machi 1865 ndipo Baraza la Kongresi lilipoiheshimu ahadi ya mwaka 1862. Kikosi, ambacho tangu Februari 1864 kiliitwa cha 33 cha Askari Weusi wa Marekani, kiliagwa mwezi wa Februari 1866.

Habari nyingi za kikosi hiki zimetufikia kwa kalamu ya Higginson, ambaye alichapisha kitabu chake mwaka 1870. Alizisikiliza nyimbo za askari penye moto wa usiku, akaziandika maneno yao kadiri sikio lake lilivyomwezesha. Lakini lugha ya visiwa vile, Kigullah, ilikuwa na mizizi asiyoitambua. Lorenzo Dow Turner ndiye aliyeidhihirisha mwaka 1949, alipoonyesha wingi wa maneno na majina yenye asili ya Kiafrika, yakiwemo ya lugha za Kibantu. Yafaa basi kitabu cha kanali kisomwe pamoja na kile cha Susie King Taylor cha mwaka 1902. Taylor, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1848 na kusoma kwa siri mjini Savannah, aliandikishwa kuwa mfuaji nguo. Kwa hakika aliwafundisha askari kusoma na kuwauguza majeruhi kwa zaidi ya miaka minne, bila mshahara wowote. Sheria ya 1865 iliwarudishia wanaume haki yao, yeye haikumgusa.