Hati ya Mwenendo Mwema kwa Waombao Viza ya Masomo

Hati ya mwenendo mwema ni waraka wa polisi unaoonyesha kama mwombaji ana kumbukumbu ya uhalifu. Si kila ubalozi huidai. Marekani kwa kawaida haiidai kwa viza ya masomo ya F-1, lakini fomu yake ya DS-160 huuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama alisamehewa. Kanada na Australia zaweza kuidai, pamoja na hati za nchi nyingine alikoishi kwa muda mrefu.

Nchini Kenya hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Mwombaji hutuma ombi kupitia eCitizen, hulipa ada, huchapisha fomu ya C24, kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole.

Barua ya paroko haichukui nafasi ya hati hiyo. Paroko hushuhudia yale tu ayajuayo: ubatizo, ushiriki katika jumuiya ndogo ndogo na utumishi.

Aliyewahi kukamatwa asifiche. Aambatanishe uamuzi wa mahakama na maelezo mafupi. Udanganyifu waweza kumfungia mwombaji mlango wa Kanada kwa miaka 5, na wa Uingereza kwa miaka 10.

Katika sakramenti ya Kitubio dhambi huondolewa, lakini kumbukumbu ya polisi hubaki. Mwamini hadaiwi kuungama kwa ofisa wa ubalozi. Hata hivyo, Amri ya Nane humdai ajibu kwa ukweli lile aliloulizwa, hata likimgharimu safari.