MIJI ILIYOPEWA TIMU KISHA IKANYANG'ANYWA: HISTORIA YA LIGI NDOGO YA KIKAPU MAREKANI

Leo tunaweka pembeni mastaa na ndoa zao, tunaingia kwenye historia ya mpira wa kikapu. Kama kawaida yetu hapa, watu siwataji majina, mtawajua wenyewe. Miji ndiyo nitaitaja, kwa sababu miji ndiyo iliyoumia.

Swali letu ni hili. Una ligi mpya ya kulipwa, ndogo, haina mastaa, pesa ya televisheni hakuna. Timu zako unaziweka mji gani? Linaonekana swali jepesi kabisa, kumbe limeshaua ligi nzima nzima.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1946 kule Pennsylvania ilianzishwa ligi ndogo ya miji ya viwanda na migodi ya makaa ya mawe, kama Wilkes-Barre, Allentown na Reading. Mechi zilikuwa za wikiendi. Katikati ya wiki mchezaji anakwenda kazini kwake kama mtu mwingine yeyote, Jumamosi anapanda gari na wenzake wanakwenda kucheza, usiku wanarudi. Miji ilikuwa jirani, gharama ndogo, ligi ikaishi miaka zaidi ya 30 bila makeke.

Halafu ikaja tamaa ya kukua. Mwaka 1977 ligi ile ile ikaipokea timu ya Anchorage, Alaska. Jamani, Alaska! Kutoka Pennsylvania hadi Anchorage ni zaidi ya kilomita 5,000. Mwaka 1978 wakabadilisha na jina kabisa, ikaitwa Continental Basketball Association, CBA, maana sasa ilikuwa ya bara zima. Na hao watu wa Alaska walikuwa wanaujua mpira, mwaka 1980 wakachukua ubingwa. Lakini kufika 1982 timu haipo tena. Kikombe hakilipi nauli ya ndege.

Hata hivyo CBA iliendelea. Makocha wawili watatu waliokuja kuwa wakubwa NBA walipikwa humo. Mmoja wao alichukua ubingwa na timu ya Albany mwaka 1984, baadaye akaenda kukusanya pete Chicago na Los Angeles mpaka vidole vikamwishia. Mnamjua.

Mwaka 1999 nyota mmoja mstaafu wa Detroit Pistons akainunua CBA yote, timu na ligi, kwa takriban dola milioni 10. NBA ikataka kuinunua kutoka kwake, hawakuelewana. Mwaka 2000 jamaa akapata kazi ya ukocha NBA, na kanuni haziruhusu kocha wa NBA awe na ligi yake pembeni. Februari 2001, msimu ukiwa katikati, CBA ikafungwa. Wachezaji na mashabiki wakabaki wanaangaliana. Baadaye baadhi ya timu ziliifufua, ila haikurudi kuwa ile ya zamani.

Wakati huo NBA ilikuwa imeshaamua kuanzisha ligi yake yenyewe. Novemba 2001 ikaanza na timu nane, zote kusini mashariki mwa Marekani: Greenville, North Charleston, Asheville, Fayetteville, Roanoke, Columbus ya Georgia, Huntsville na Mobile. Makao makuu Greenville, South Carolina.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri sana. Miji ipo ukanda mmoja, timu inasafiri kwa basi. Greenville na Asheville ni kama kilomita 100 hivi, sawasawa na wewe kutoka Dar kwenda Chalinze. Kumbi kubwa tayari zipo, hakuna kujenga. Hakuna mji hata mmoja kati ya hiyo wenye timu ya NBA ya kukushindania shabiki. Na timu zote zilikuwa mali ya ligi yenyewe, kwa hiyo hakuna mmiliki wa kuleta fujo.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Bingwa wa kwanza, 2002, alikuwa Greenville. Mwaka 2003 timu ikafutwa. Bingwa wa pili, 2003, alikuwa Mobile. Mwaka huo huo na yenyewe ikafutwa. Asheville ikachukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2004 na 2005. Baada ya hapo ikahamishiwa Tulsa, Oklahoma. Yaani miaka minne ya kwanza, kila mji uliobeba kombe uliishia kupoteza timu. North Charleston ilihamia Florida mwaka 2004. Mwaka 2005 Columbus ikahamia Austin, Huntsville ikahamia Albuquerque. Mwaka 2006 Roanoke na Fayetteville zikafungwa. Miaka mitano tu, katika ile miji nane hakubaki hata mmoja.

Kwa nini? Kwa maoni yangu walihesabu vitu vinavyoonekana kwenye ramani wakasahau moyo wa mtu. Kweli, hakukuwa na timu ya NBA mlangoni. Lakini North Carolina ni nyumbani kwa vyuo vya Duke na North Carolina, na kule kikapu cha chuo ni kama dini. Alabama nayo damu yake ni mpira wa chuo ule wa Kimarekani. Mtu ana timu aliyorithi kwa baba yake na babu yake, wewe unamletea wachezaji ambao wakifanya vizuri tu wiki ijayo wanaondoka. Kwa nini akupende? Na ule ukumbi mkubwa uliookoa gharama ya ujenzi ukawa adhabu. Watu elfu mbili kwenye ukumbi wa watu elfu kumi na kitu ni kama msiba usio na waombolezaji.

NBA ikabadilisha mbinu. Mwaka 2006 badala ya kutafuta miji mipya mitupu, ikachukua miji ambayo tayari ilishaonyesha mapenzi ndani ya CBA: Bismarck ya North Dakota, Sioux Falls ya South Dakota na Boise ya Idaho. Hii ni miji ya baridi, mbali na kila kitu, ambako jioni ya Januari huna pa kwenda zaidi ya kwenye mechi. Na matokeo yakaonekana palepale. Bismarck ikawa bingwa 2007, Boise ikawa bingwa 2008.

Hapo Bismarck ndipo na sisi Watanzania tunapoingia. Mnamkumbuka kijana wetu wa Dar, futi 7 na inchi 3, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009 na Memphis? Februari 2010 Memphis ikamshusha ligi ya chini akapate dakika. Wakati huo hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa. Bongo watu walimcheka sana, wengi bila kujua alikopelekwa ni wapi. Alipelekwa Bismarck. Mtoto aliyekulia kwenye joto la Dar akafanye kazi mahali ambapo baridi inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Baadaye alipita pia timu ya Rio Grande Valley, mpakani mwa Texas na Mexico, halafu Grand Rapids, Michigan. Ukitaka ramani ya ligi hii, fuata viatu vya huyo kijana.

Tena angalieni umbali. Memphis ipo Tennessee, Bismarck ipo kaskazini kabisa karibu na Kanada. Kocha wa timu mama angemwonaje mchezaji wake kila siku? Wakubwa nao walijiuliza hivyo hivyo. Lakers walishakuwa na timu yao wenyewe tangu 2006, ikichezea humohumo mjini. San Antonio wakanunua ya Austin mwaka 2007. Kila mwenye pesa akaanza kuitaka timu mtoto iwe karibu na nyumbani.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2011 Golden State wakainunua timu ya Bismarck, mwaka 2012 wakaihamishia Santa Cruz, California, kwenye ukumbi wa watu kama 2,500 tu. Kibiashara ni akili. Lakini Bismarck walikosea nini? Walijaza viti, walichukua kombe, walimpokea mgeni wetu. Boise na wao, mwaka 2016 Utah wakaivuta timu hadi Salt Lake City. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walishasema.

Ila aliyedhulumiwa kuliko wote ni Erie, mji wa Pennsylvania kando ya ziwa. Ulipata timu 2008. Mwaka 2017 Orlando wakaichukua wakaipeleka Lakeland. Atlanta wakaweka yao Erie kwa miaka miwili tu, wakisubiri ukumbi wao wa College Park ukamilike, 2019 wakaondoka. New Orleans nao wakaja kusubiria ukumbi wa Birmingham, 2021 wakaondoka. Timu tatu! Erie waligeuzwa stendi, kila mtu anashuka pale kusubiri basi lake.

Kuna aliyepona? Yupo. Sioux Falls. Timu ilianzishwa 1989 na mpaka leo ipo palepale, ingawa sasa ni ya Miami, ambayo iko mbali mno. Mwaka 2013 walipata ukumbi mpya wa watu kama 3,250. Mdogo, unajaa, kelele tele. Mmiliki akipiga hesabu, anaona kuihamisha ni hasara.

Kichekesho ni kwamba ligi imerudi kulekule ilikofukuzwa. Birmingham ipo Alabama, jimbo lilelile la Huntsville na Mobile. Greensboro, North Carolina, ina timu tangu 2016. Tofauti ni kwamba sasa kila timu ina mama yake. Memphis wenyewe tangu 2017 yao ipo Southaven, mji wa jirani kabisa. Mwaka 2024 Phoenix ikawa ya mwisho kupata yake, sasa timu zote 30 za NBA zina mtoto.

Kwa hiyo jibu la swali letu limebadilika mara tatu. Mwanzo mji ulichaguliwa kwa nauli. Ikaja zamu ya mapenzi ya mashabiki. Leo unachaguliwa kwa umbali kutoka kwa bosi. Ligi imekuwa salama kuliko zamani, hilo siwezi kubisha. Lakini shabiki wa mji mdogo, ambaye ndiye aliyeifikisha hapa, hana sauti kwenye kikao.

Afrika tumeshaanza safari hiyohiyo. BAL ilipoanza Mei 2021, timu zote 12 zilichezea Kigali, kwenye ukumbi mmoja, nauli ikapungua. Miaka iliyofuata miji mingine ikaongezwa. Siku wakitafuta mji hapa kwetu, tuwaulize mapema: mnakuja kukaa, au mnasubiri basi?

Haya, uwanja ni wenu. Ungepewa ligi mpya ya Afrika Mashariki na timu nane tu, ungeziweka miji gani na kwa sababu gani? Dondosha maoni hapo chini, tusitukanane.