Kiti cha Mbunge na Ugonjwa wa Akili Nchini Uingereza

Tangu mwaka 1886 hadi 2013, mbunge wa Uingereza aliweza kupoteza kazi yake kwa ugonjwa wa akili peke yake, na sheria ndiyo iliyoamuru hivyo. Mbunge aliyepooza, au aliyelala hospitalini mwaka mzima kwa maradhi ya moyo, alibaki na kiti chake. Aliyezuiliwa hospitalini kwa maradhi ya akili alianza kuhesabiwa miezi.

Sheria ya 1886 ilitaka Spika apewe taarifa mara mbunge anapowekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wakaguzi walikwenda kumwona, wakarudi tena baada ya miezi sita, na wakimkuta bado mgonjwa, kiti kilitangazwa kuwa wazi. Kama angepona mwezi wa saba au wa nane, hilo halikuwa na nafasi katika hesabu.

Aliyepoteza kiti kwa njia hiyo ni mmoja tu, Charles Leach, mchungaji aliyechaguliwa kwa tiketi ya Liberal katika jimbo la Colne Valley mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, aliongeza juu ya ubunge kazi ya kuwahudumia kiroho askari waliojeruhiwa katika hospitali za London. Mzigo ulimshinda, akaugua. Agosti 1916 kiti chake kilitangazwa wazi, na katika uchaguzi mdogo mrithi wake akapita bila kupingwa. Leach alifariki mwaka 1919. Inauma kwamba mtu aliyeugua akiwafariji majeruhi wa taifa lake ndiye pekee aliyefukuzwa hivyo.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 iliendeleza utaratibu huohuo katika kifungu cha 141. Kilichobadilika ni kwamba sasa uchunguzi ulifanywa na madaktari bingwa wawili. Hakuna mbunge aliyepoteza kiti kwa kifungu hicho, lakini madhara yake hayakuhitaji kesi. Kilitangaza kutoka mahali pa juu kabisa kwamba mtu aliyewahi kuugua akili haaminiki kazini, na kiliwafundisha wabunge kuficha maumivu yao. Kwa jirani zao wa Norway mambo yalikwenda vingine: mwaka 1998 Waziri Mkuu Kjell Magne Bondevik alitangaza hadharani kwamba ana sonona, akapumzika wiki chache, akarudi ofisini, na mwaka 2001 akashika tena wadhifa huo.

Januari 2010 kamati maalumu iliyoongozwa na Spika ilipendekeza kifungu cha 141 kifutwe. Kilichosukuma mambo zaidi ni mjadala wa tarehe 14 Juni 2012. Kevan Jones wa chama cha Labour alisimama akaeleza sonona aliyoipata miaka ya tisini. Charles Walker wa Conservative akaeleza jinsi alivyoishi miaka mingi na fikra na vitendo vya kujirudia asivyoweza kuvizuia. Wote wawili walisema wakijua kwamba sheria ile bado ipo. Mbunge Gavin Barwell aliwasilisha muswada binafsi, na Februari 2013 ukawa sheria. Pamoja na kufuta kifungu cha 141, sheria hiyo iliwafungulia njia ya kuwa wazee wa baraza mahakamani watu waliozuiwa kwa sababu tu wanahudhuria matibabu ya akili, na ikaondoa kanuni iliyomvua mkurugenzi wa kampuni wadhifa kwa amri ya mahakama kuhusu afya yake ya akili.

Wafanyakazi wa kawaida walikuwa wametangulia kidogo. Sheria ya 1995 ya kuzuia ubaguzi wa wenye ulemavu iliwalinda, ila mwenye ugonjwa wa akili alitakiwa athibitishe kwamba ugonjwa wake unatambuliwa vyema na madaktari, sharti ambalo mgonjwa wa mwili hakuwekewa. Liliondolewa Desemba 2005. Sheria ya Usawa ya 2010 ikamzuia mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kumuuliza mwombaji kuhusu afya yake kabla ya kumpa kazi.

Afrika Mashariki ilirithi mengi ya sheria za Uingereza, na masharti ya aina hii yamebaki katika katiba zake. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamnyima sifa ya ubunge mtu aliyethibitishwa kisheria kuwa mgonjwa wa akili, na ibara ya 99 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamzuia kugombea mtu asiye na akili timamu.